Tupime Godoro Kabla ya Kulinunua

(Mazungumzo na wanakisomo wakati wa msimu wa kuuza pamba)



Leo tumekuja kuzungumza juu ya godoro. Tunajua wapo watakaocheka. Watasema, godoro nalo lina elimu gani? Mtu si analala tu?

Haya, tuulizane. Mkulima akitaka kununua jembe hulishika mkononi, huligonga asikilize mlio wake, hulitazama kama limenyooka. Akitaka kununua dume la kulimia, humtazama meno, humtazama kwato, humtembeza. Anaweza kushinda mnadani kutwa nzima bila kutoa hata senti. Lakini mkulima huyo huyo akienda kununua godoro hutumia dakika tano. Hutazama maua ya kava, hubonyeza kwa kidole gumba, analipa, analifunga kwenye baiskeli. Na hilo godoro atalilalia kila usiku kwa miaka mitano, sita, hata kumi.

Mtu anayelala saa 8 kwa siku hutumia theluthi moja ya maisha yake kitandani. Chukua saa 24 za siku nzima, gawanya kwa 8, jibu ni 3. Kwa hiyo katika kila miaka mitatu, mwaka mmoja mzima tumeupitisha tukiwa tumelala. Nasi tunaolima kwa jembe la mkono tunajua kwamba mgongo ndio trekta letu. Trekta la tajiri likiharibika huenda kwa fundi. Mgongo ukiharibika wakati wa palizi, shamba linaingia majani, na deni la mbegu bado lipo.

Kuanzia mwezi wa Mei hivi, fedha za pamba zinapoanza kutoka, magodoro nayo huja gulioni yamepangwa juu ya gari mpaka unaogopa yataanguka. Basi kabla fedha hazijatoka mfukoni, tuzungumze.

Magodoro tunayoyajua

Tuanze na godoro la majani. Wengi wetu tumelilalia utotoni. Wengine hutia nyasi laini, wengine maganda ya mahindi, na kule kwenye migomba hutia majani makavu ya migomba. Hatuoni aibu kulitaja, maana halina aibu. Lina masharti mawili tu. Majani yawe makavu kabisa siku ya kuyatia, kwa sababu yakiwa mabichi yataota ukungu, na ukungu huwaletea watu kikohozi na mafua yasiyoisha. Tena yabadilishwe kila mavuno. Mfuko ushonwe kwa kitambaa kigumu kama marekani, uachwe mdomo wa kufungulia. Godoro la majani lililotunzwa namna hiyo ni bora kuliko godoro la dukani lililokwisha na kubonyea katikati.

Godoro la pamba ni zito na lina faida yake. Pamba hunywa jasho, kwa hiyo mtu halali akitiririka wakati wa joto. Lakini pamba ikilaliwa hujikusanya. Baada ya mwaka au miwili unakuta mabonge huku, shimo kule. Mtu anaamka amechoka kama amelala juu ya viazi. Dawa ya pamba siyo kuitupa. Fumua godoro, toa pamba yote, ichambue kwa mikono mpaka mabonge yalainike, ianike juani siku mbili tatu, kisha irudishe na ushone. Hakikisha umeshona na vifundo vya kupita juu mpaka chini, kila baada ya shubiri moja hivi, ili pamba isihame mahali pake.

Sufi ni ndugu wa pamba kwa sura tu. Watu wa Tanga, wa Morogoro na wa pwani wanaujua vizuri mti wa msufi. Sufi yake ni nyepesi mno, na maji hayaiingii upesi. Ndiyo maana zamani mabaharia walishonewa makoti ya kuokolea maisha yaliyojazwa sufi, wakiangukia baharini wanaelea. Godoro la sufi ni laini na lina joto zuri, jepesi kubeba. Kasoro yake ni kwamba nyuzi zake ni dhaifu. Zikilaliwa miaka mingi huvunjika, zikawa kama vumbi. Kulianika juani kila mara hulifanya liumuke tena. Tena sufi hushika moto haraka sana. Hayo tutayarudia.

Yapo pia ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi zilizogandishwa pamoja. Hayo ni magumu, hewa hupita vizuri ndani yake, na mara nyingi huwekewa sponji nyembamba juu. Na yapo ya springi, ambayo ndani yana vyuma vilivyojisokota. Ya springi ni ghali na mazito, na chuma kikikatika hapa kijijini hakuna fundi wa kulitengeneza. Tuyaache kwa wenye hoteli.

Godoro linalonunuliwa na wengi siku hizi ni la sponji. Huko ndiko fedha zetu zinakokwenda, na huko ndiko tunakopunjwa. Kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Sponji ni andazi

Sponji haioti shambani. Hutengenezwa kiwandani kwa kuchanganya dawa za maji maji. Msingi wa jambo hilo uligunduliwa Ujerumani mwaka 1937 na mtaalamu aliyeitwa Otto Bayer pamoja na wenzake. Dawa hizo zikikutana huchemka zenyewe na kuumuka, kama unga wa maandazi uliotiwa hamira. Povu likikauka huwa bonge kubwa lenye matundu madogo madogo yasiyohesabika. Bonge hilo hukatwa kwa msumeno, likawa magodoro.

Sasa akina mama mnajua habari ya maandazi. Unga ule ule, mama mmoja atatoa maandazi 20 yaliyoshiba, na mwingine atayaumua zaidi atoe makubwa ya kutazamika. Ukiliuma lile kubwa, ndani ni hewa tupu. Limejaza macho, halijajaza tumbo.

Sponji ni vivyo hivyo. Godoro lililotiwa dawa nyingi lina uzito. Godoro lililotiwa hewa nyingi ni jepesi. Siku ya kwanza yote mawili yanapendeza, na yote mawili yakibonyezwa yanarudi. Lakini yule mwepesi, baada ya miezi michache, kuta za vile vitundu zinavunjika. Godoro linabonyea mahali pa kiuno, na halirudi tena. Hapo mtu analala kama ndizi, kiuno chini, kichwa na miguu juu.

Muuzaji atakwambia, "Bonyeza mwenyewe uone lilivyo gumu." Tusikilize vizuri hapo. Ugumu siyo uzito. Kiwanda kinaweza kutengeneza sponji ngumu lakini nyepesi. Ugumu huo utakwisha upesi. Kidole gumba hakiwezi kujua tofauti. Kinachojua ni mizani.

Basi tufanye hesabu. Kalamu na daftari tunazo, na kuzidisha tumejifunza.

Godoro hupimwa kwa futi upana na urefu, na kwa inchi unene wake. Tuchukue godoro la futi 4 kwa 6. Nne mara sita ni 24. Futi moja ina inchi 12. Kwa hiyo kipande cha godoro hilo chenye unene wa inchi moja ni 24 gawanya kwa 12, yaani futi 2 za ujazo. Kumbuka hilo: godoro la 4 kwa 6, kila inchi ya unene ni futi 2 za ujazo. Likiwa la inchi 6, zidisha 6 mara 2, ni futi 12 za ujazo. Likiwa la inchi 8 ni 16. Likiwa la inchi 10 ni 20.

Sasa pima uzito wa godoro kwa kilo, ugawanye kwa zile futi za ujazo. Kama kila futi moja ya ujazo ina robo tatu kilo au zaidi, sponji hiyo imeshiba na inafaa kulaliwa na watu wazima kila siku. Kama haifiki nusu kilo, hiyo ni hewa. Labda iwe ya mgeni anayekuja mara moja kwa mwaka. Iliyo katikati ni ya katikati, na bei yake nayo iwe ya katikati.

Wanaotaka njia ya mkato washike hivi. Godoro la 4 kwa 6 liwe na kama kilo moja na nusu kwa kila inchi ya unene. La inchi 6 liwe na kilo 9 hivi. La inchi 8 liwe na kilo 12. La 3 kwa 6 ni kilo moja na kidogo kwa kila inchi. La 5 kwa 6 ni karibu kilo 2, na la 6 kwa 6 ni kilo mbili na robo. Andikeni hayo kwenye jalada la daftari. Viwandani wao huhesabu kwa mita za ujazo. Mita moja ya ujazo ni kama futi 35 za ujazo, kwa hiyo ile robo tatu kilo yetu ni sawa na kilo 26 hivi kwa hesabu yao. Mkiona namba ya namna hiyo kwenye karatasi ya godoro msishangae.

Kava nalo lina uzito wake. Kama lina zipu, livue, upime sponji peke yake.

Mama aliyeuliza kilo

Mwanakisomo wetu mmoja, mama mtu mzima, alikwenda gulioni na hesabu hii mkononi. Muuzaji akampokea vizuri.

"Shikamoo mama. Karibu. Hili hapa ndilo lenyewe, inchi 10, HD, maua ya kisasa."

"Marahaba mwanangu. Lina kilo ngapi?"

"Mama, godoro halinunuliwi kwa kilo. Siyo nyama hii."

"Na pamba yangu je? Umewahi kuona mtu ananunua pamba yangu kwa kuitazama weupe?"

Watu wakacheka, na muuzaji akacheka pia. Jirani yake aliyekuwa anauza mpunga akawaazima mizani. Lile la inchi 10 lenye maua, la 4 kwa 6, likaonyesha kilo 8. Mama akaandika 8 gawanya kwa 20. Hata nusu kilo kwa futi halikufika. Akaomba apimiwe lingine lililokuwa chini kabisa, la inchi 6, kava la rangi ya kaki lisilo na ua hata moja. Likatoka kilo 9. Tisa gawanya kwa 12 ni robo tatu kamili. Na bei yake ilikuwa chini kuliko la kwanza! Akalichukua hilo.

Angalieni jambo hilo. Godoro jembamba lilikuwa na sponji nyingi kuliko godoro nene. Zile inchi 4 za juu zilikuwa hewa ya bure inayouzwa kwa fedha za pamba. Na zile herufi mbili, HD, zinadai kwamba sponji ni nzito. Kuandika ni kazi rahisi, hata sisi tunaweza kuziandika kwa mkaa juu ya gunia la makapi.

Ukienda kununua, chukua na futi ya fundi cherehani. Pima upana, urefu na unene mwenyewe. Yapo magodoro yanayoitwa inchi 6 ambayo ukiyapima ni 5. Kama lina zipu, fungua uone ndani. Sponji iwe kipande kimoja kizima, au vipande vichache vilivyogandishwa sawasawa. Ukiona vipande vidogo vidogo vya rangi nyingi kama ugoro uliochanganywa na mchele, hayo ni mabaki ya kiwandani yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Godoro la namna hiyo huwa zito sana na gumu sana. Hapo mizani peke yake itakudanganya, kwa hiyo lazima macho yasaidie. Siyo baya, linadumu, lakini watu wembamba hulalamika mifupa. Wapo pia watengenezaji wanaotia unga wa chokaa ndani ya sponji ili iwe nzito. Ukiisugua sponji ukaona unga unabaki mkononi, iache.

Muuzaji akikataa kabisa kupima, mwageni vizuri, muende kwa mwingine. Gulio lina wauzaji wengi.

Gumu au laini?

Watu wengi wanaamini kwamba mwenye maumivu ya mgongo lazima alale pagumu kama ubao. Hata baadhi ya waganga wamekuwa wakisema hivyo miaka mingi. Madaktari wa Hispania walilijaribu jambo hili. Walichukua watu wazima 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Wengine wakapewa magodoro magumu, wengine wakapewa yenye ugumu wa kati. Baada ya siku 90 wakawauliza. Wale wa ugumu wa kati walikuwa na nafuu zaidi, wakilala na hata wakiamka. Habari hizo zilitolewa mwaka 2003. Kwa hiyo ubao siyo dawa. Wala shimo siyo dawa.

Sababu yake ni rahisi kuiona. Mwili wa binadamu haukunyooka kama mti wa nyumba. Mabega na nyonga vimetokeza, kiuno kimeingia ndani. Ukilala ubavu juu ya kitu kigumu, bega na nyonga vinabeba mzigo wote, kiuno kinaning'inia. Ukilala juu ya kitu laini mno, nyonga zinazama na uti wa mgongo unapinda. Godoro zuri huruhusu bega na nyonga kuzama kidogo tu, halafu likashika kiuno.

Jaribu hivi, palepale dukani. Usione haya. Vua viatu, lala chali, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita bila kugusa kitu, godoro ni gumu mno kwako. Kikikataa kuingia kabisa, ni laini mno. Kikiingia kwa kusukuma kidogo, hilo linakufaa. Lala hapo kama dakika kumi. Kama mnalala wawili, nendeni wawili. Baba mnene na mama mwembamba hawawezi kuchaguliana. Mtu mzito anahitaji sponji nzito zaidi na nene zaidi, la sivyo mwenzake atakuwa anamwangukia usiku kucha.

Nalo kosa la godoro wakati mwingine siyo la godoro. Ni la kitanda. Umeweka godoro zuri juu ya kitanda cha kamba kilicholegea, litafuata shimo la kamba. Kiwambe kwanza. Kama ni kitanda cha mbao, hesabu chaga zake. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi inchi 3, maana sponji huzama kwenye nafasi na kukatika. Mbao za kuongezea ni rahisi kuliko godoro jipya. Pima pia ndani ya kitanda kabla ya kwenda gulioni, msije mkarudi na godoro linalokunja pembe.

Tena kuna chandarua. Chandarua lazima kichomekwe chini ya godoro pande zote. Ukinunua godoro la inchi 10 au 12 kwa sifa, unaweza kukuta chandarua hakifiki. Mbu hatajali godoro lako ni la bei gani.

Nani analala wapi?

Hapa akina baba mtusamehe. Katika nyumba nyingi likinunuliwa godoro jipya linakwenda kwa baba, la zamani kwa wageni, na bibi mzaa baba anabaki kwenye mkeka na ngozi. Mtu mzee nyama zimepungua juu ya mifupa. Akilala pagumu anaumia zaidi kuliko kijana. Tufikirie upya jambo hilo nyumbani, kila mtu kwa nafasi yake.

Mama mjamzito katika miezi ya mwisho anashauriwa kulala ubavu, siyo chali. Kwa hiyo asiwekwe juu ya kitu kinachomtesa bega na nyonga.

Mtoto mchanga ni kinyume. Yeye hataki laini. Alazwe chali, mahali tambarare na pagumu kiasi, bila mto, bila manguo yaliyorundikwa karibu na uso. Sponji laini yenye shimo, au mto mkubwa, unaweza kumziba pumzi, naye hana nguvu ya kugeuka. Watoto wamekufa namna hiyo, na watu wakamtafuta mchawi.

Kama nyumbani kuna mgonjwa asiyeweza kujigeuza, hata godoro bora halitoshi. Lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na shuka lake liwe kavu bila mikunjo. Bila hivyo atapata vidonda mgongoni na kwenye nyonga, ambavyo kuvitibu ni kazi kubwa.

Nailoni, moto na kunguni

Tumeona nyumba nyingi godoro jipya halivuliwi ile nailoni ya dukani. Linalaliwa nayo miaka miwili, eti lisichafuke. Nailoni hairuhusu jasho kupita. Usiku inapiga kelele, unaamka umelowa, na unyevu unabaki ndani ukaleta ukungu. Kwa watoto wadogo ni hatari zaidi, inaweza kuwaziba pua na mdomo. Ivueni siku ile ile. Ukitaka godoro lisichafuke, shona mfuko wa marekani wa kulivika, utaufua kila wiki mbili. Kwa mtoto anayekojoa, tandika kipande cha mpira katikati tu, juu yake shuka nzito.

Godoro la pamba na la sufi lianikwe kwenye jua kali. La sponji lisiachwe juani bila kava siku nzima. Jua huigeuza sponji ikawa ya njano, kisha ikaanza kupukutika. Lipigishwe upepo kivulini. Usiliroweke kwenye maji, halitakauka ndani. Kila mwezi lizungushe, upande wa kichwa uwe upande wa miguu, ili lisizame mahali pamoja.

Koroboi, mshumaa na dawa ya mbu ya kuchoma visikaribie kitanda. Sufi hulipuka kama petroli. Sponji ikishika moto huwaka upesi na kutoa moshi mweusi wenye sumu. Mtu anaweza kufa kwa moshi huo kabla moto haujamfikia. Na anayevuta sigara akavutie nje, mzee wangu. Tunasema kwa heshima.

Tumalizie na kunguni, maana wanatuumiza na tunaoneana haya kuwataja. Kunguni siyo dalili ya uchafu. Huingia kwa mzigo wa mgeni, kwa kitanda cha kununua kwa mtu, kwa godoro lililokwisha kutumiwa. Haijajulikana kwamba huleta ugonjwa kama mbu aletavyo malaria, lakini hukatisha usingizi, na mtu hujikuna mpaka akapata vidonda. Jike mmoja hutaga mayai mia mbili au zaidi maishani mwake, na anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Kwa hiyo kuhama chumba kwa wiki mbili hakumtishi.

Sasa sikilizeni hapa. Wapo watu wanaochukua dawa ya kunyunyizia pamba, wanainyunyiza juu ya godoro, wanalala. Jamani, hapana! Ile ni sumu. Kopo limechorwa fuvu la kichwa, na hata asiyejua kusoma anaelewa fuvu maana yake nini. Sumu hiyo inaingia kwa ngozi na kwa pumzi, usiku kucha, wewe na mtoto wako. Sponji huinyonya na kuitoa kidogo kidogo kwa siku nyingi. Kama umekwisha kuinyunyiza, toa godoro nje, msililalie tena, na mtu akiona kizunguzungu, mate mengi au kutapika apelekwe zahanati mara moja pamoja na kopo la dawa, mganga aone jina lake.

Kunguni huuawa na joto. Mashuka na makava yachemshwe. Kitanda kitolewe nje, kifunguliwe viungo, kimwagiwe maji yanayochemka kwenye nyufa zote na matundu ya misumari, maana huko ndiko yalipo mayai. Mishono ya godoro ikaguliwe kwa taa, kunguni waokotwe kwa sindano. Mayai hupasuka baada ya siku 6 mpaka 10 hivi, kwa hiyo rudieni kazi yote baada ya wiki moja, kisha tena baada ya wiki nyingine. Zibeni nyufa za ukuta kwa udongo. Ni kazi ya wiki tatu, na inafaa majirani waifanye pamoja, kwa sababu kunguni hutembea.

Jumamosi asubuhi tutakutana hapa hapa darasani. Mizani ya kuning'iniza tutakuja nayo. Kila mmoja alete godoro moja kutoka nyumbani, zuri au baya, pamoja na daftari. Tutapima urefu, upana, unene na kilo, kila mtu apige hesabu ya kwake ubaoni. Wenye magodoro ya majani nao waje, hayo tutatazama ukavu na ushonaji wake.